Mcheza Kwao Atunzwe na Nani?

Mei 2010, mjini Paris, Tanzania ilirudishiwa kinyago chake. Kilikuwa kinyago cha Kimakonde, kimoja kati ya vitu vilivyoibwa Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam mwaka 1984. Mwaka mmoja baada ya wizi huo kilinunuliwa na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na mwaka 1990 profesa mmoja Mwitaliano akakitambua na kutoa taarifa. Kuanzia hapo ikachukua miaka ishirini mpaka mwenye mali akabidhiwe mali yake. Habari za makabidhiano zilitaja makumbusho mawili, serikali zao na baraza la kimataifa la makumbusho. Aliyekichonga hakutajwa, maana hakuna aliyekuwa na jina lake. Kitu kilichogombewa na mabara mawili kilitengenezwa na mtu aliyekuwa na shughuli moja mbele yake: ngoma ya kwao, vijana wanaotoka jandoni, na wazee ambao wangekikataa mchana kweupe kama kingekuwa kibaya.

Nakitaja kinyago hicho kwa sababu kinagusa swali linalowasumbua wengi wenye vipaji katika maeneo ya kusini mwa Tanzania, kuanzia Masasi na Lulindi mpaka Newala na Tandahimba juu ya uwanda wa Makonde, ingawa wanaolitamka ni wachache. Mwenzako mliyeanza naye yuko Dar es Salaam. Nyimbo zake zinapigwa kwenye daladala, au picha zake zinanunuliwa kwa dola, au walau ana kibanda chake kwenye soko la vinyago la Mwenge. Wewe unachonga, unapiga ngoma, unafinyanga mitungi, unatunga nyimbo za unyago, na wanaokufahamu ni watu wa kata mbili tatu. Mtwara imemtoa Harmonize, anayejitambulisha mbele ya dunia kwa jina la Konde Boy, na kila kijana anayeshika maikrofoni Newala anapimwa kwa yeye kabla hajamaliza ubeti wa kwanza. Aliyebaki huulizwa swali moja tu: unasubiri nini huku? Ndani ya swali hilo kijiji ni stendi, mahali pa kungojea basi, na sanaa inayofanyika hapo ni mazoezi ya sanaa ya kweli itakayofanyika kwingine. Makala haya yanaibishia dhana hiyo. Ninachosema ni kwamba kazi ya sanaa hupata maana kwanza kwa watu wenye uwezo wa kuikosoa, na kwa kipimo hicho wengi waliobaki wanacho kitu ambacho wenzao waliofanikiwa walilazimika kukiacha nyuma.

Kwanza tuyatazame mafanikio yenyewe, kwa sababu tunayasimulia kana kwamba yalikuwa mbio ambazo wote walianzia mstari mmoja. Wachongaji waliolipa jina la Mmakonde umaarufu duniani, wengi wao hawakutoka Newala wala Masasi. Walikuwa Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, wa uwanda wa Mueda nchini Msumbiji, ambao huku walizoeleka kuitwa Wamawia, waliovuka mto kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge na baadaye mjini. Katika miaka ya 1950 walimkuta Dar es Salaam mfanyabiashara Mohamed Peera, aliyenunua kazi zao na kuwahimiza. Hapo ndipo Samaki Likankoa alipoanzisha vinyago vya shetani, na Roberto Yakobo akachonga watu waliopandiana mabegani, mtindo ulioitwa dimoongo na ambao baadaye ulivishwa jina la Ujamaa. Eduardo Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, jirani na Masasi, alianza kuchora mwaka 1968 kwenye vipande vya mbao za dari kwa rangi za kupakia baiskeli, akawauzia wateja wa Morogoro Stores kule Oysterbay, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka minne tu. George Lilanga, mtoto wa kusini aliyezaliwa mwaka 1934, aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii jijini Dar es Salaam, katika miaka ya 1970 akiwa mlinzi wa usiku. Alipofariki mwaka 2005, kazi zake zilikuwa zimesambaa kwenye mikusanyo ya Ulaya, Marekani na Japani.

Vipaji vya watu hawa havina ubishi. Lakini angalia kilichomfungulia mlango kila mmoja: duka la Peera, uwanja wa maduka ya Wazungu Oysterbay, na ile Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za mtawa Mmarekani, Sista Jean Pruitt. Mlango ulikuwa mahali fulani, wakati fulani, na aliyekuwa karibu aliingia. Mchongaji aliyekuwa na mkono uleule, akiishi Kitangari kule Newala, hakuwa na Peera. Kwa hiyo mafanikio ya mwenzako yanakueleza mambo mawili yaliyochanganyika, ustadi wake na ukaribu wake na mlango, na hakuna mizani ya kuyatenganisha. Tena kazi zenyewe ni mbili tofauti. Wamawia walichonga mpingo kwa ajili ya meza na kabati la mnunuzi. Wamakonde wa upande huu wa mto, ustadi wao mkubwa ulikuwa kwenye vinyago vya kuvaa, vya midimu, vinavyotoka uwanjani pamoja na ngoma. Kumuuliza mmoja kwa nini hakufika alikofika mwingine ni kuwachukulia kana kwamba wanafanya kazi moja, na hawafanyi.

Kitazame kinyago cha kuvaa kwa karibu. Hakichongwi kwa mpingo, maana mpingo ni mzito na hiki kitakaa usoni mwa mtu atakayecheza juani kwa muda mrefu, wakati mwingine akiwa juu ya mironjo inayompandisha mpaka usawa wa paa. Mchongaji hutafuta mti mwepesi, akauchimba kwa ndani mpaka ukuta wake unabaki mwembamba, akatoboa macho kwa kiasi cha kumwezesha mchezaji kuona bila yeye kutambulika. Kisha zinakuja kazi ndogondogo. Nywele, mara nyingi nywele za mtu kweli, zinabandikwa kwa nta. Chale za usoni nazo huchorwa kwa nta, mstari kwa mstari, na kama ni sura ya mwanamke mtu mzima wa zamani, mdomo wa juu unawekwa ndona, kile kipande cha mbao cha kupachikwa mdomoni. Vipo pia vinyago vya kifuani, kiwiliwili cha mwanamke mjamzito chenye chale tumboni, na mvaaji wake ni mwanamume. Anapotoka nacho, akijikongoja kwa uzito wa mimba isiyo yake, wanawake waliozunguka uwanja wote wana la kusema, kwa sababu wao wanajua mjamzito anavyotembea na yeye anabahatisha.

Hapo ndipo kazi inapopimwa, na kipimo ni kikali. Mpiga ngoma anajua kwamba kinyago kinambana mchezaji kabla mchezaji hajalalamika, kwa sababu mguu unaanza kuchelewa. Bibi anayezikumbuka chale za mama yake anaona mstari uliopotoka kutoka upande wa pili wa uwanja. Mtoto asiyeshtuka ni ushahidi dhidi ya mchongaji, na mzee anayecheka mahali pasipo pa kuchekea ni ushahidi mwingine. Hakuna karatasi ukutani ya kumwelekeza mtazamaji afikiri nini. Mchongaji mwenyewe yumo humo humo uwanjani, anasikia yote, na mwakani watu walewale watakumbuka alichotoa mwaka huu na kukifananisha. Wasanii wangapi wa Dar es Salaam wanapimwa namna hiyo? Mwanamuziki mwenye watazamaji milioni kwenye YouTube anajua ni wangapi wamebonyeza. Ni nadra kujua nani amesikiliza mpaka mwisho, na nadra zaidi kukutana na mtu mwenye ujuzi wa kumwambia kwamba kiitikio chake cha safari hii ni chepesi kuliko kile cha zamani.

Kazi ikisafiri, mkosoaji wa namna hiyo habebeki. Mwaka 1906, vumbi la vita vya Maji Maji likiwa halijatulia, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizunguka Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta akikusanya vinyago na zana, akipiga picha na kurekodi nyimbo kwenye silinda za nta. Alichohifadhi ni hazina, na mtu asiyelijua hilo asome alichoandika. Hata hivyo mikusanyo ya zama zile ilitunza jina la mkusanyaji vizuri kuliko jina la mtengenezaji, na kitu kilipofika kabatini swali lilikuwa kimetoka kabila gani. Kama kiliwahi kumchekesha mtu, hakuna wa kulijibu hilo Leipzig. Katika miaka ya 1960 sindimba, ngoma ya Kimakonde, nayo ilipandishwa kwenye jukwaa la taifa na kuchezwa mbele ya wageni wa serikali ya nchi iliyojitawala karibuni. Ikapata umaarufu ambao ngoma chache zimeupata, na ikalalamikiwa kwamba viuno vyake havina adabu. Walioshangilia na walionuna walikuwa wote wanazungumzia viuno. Nani anafundishwa, na nini, na nani, mambo ambayo ndiyo yaliyovipa viuno hivyo kazi ya kufanya, yalibaki kusini. Na mchongaji wa Mwenge, ambaye simdharau hata kidogo kwa sababu patasi yake imesomesha watoto, anajua kwamba mteja wake ana ndege kesho na begi lenye kikomo cha kilo. Mteja huyo anaweza kusifu, anaweza kuomba punguzo. Hawezi kumwambia fundi kwamba mwaka jana alichonga vizuri zaidi.

Msomaji mkali atasema haya ni maneno ya yule sungura wa "sizitaki mbichi hizi". Umeshindwa kuzifikia ndizi, sasa unasifia majani. Ni pingamizi la haki, na njia ya kulijaribu ni kuuliza kama hoja inasimama hata kwa mtu aliyekuwa na uwezo wa kuzifikia. Lulindi yenyewe inatoa mfano, ingawa si wa sanaa. Mwaka 1935 alifika ukanda huu daktari mpasuaji kutoka London, Leader Stirling, akafanya kazi katika hospitali ya misheni ya Lulindi mpaka miaka ya mwisho ya 1940, akipasua wagonjwa katika majengo ya miti na nyasi. Angeweza kurudi kwao na kupanda vyeo. Alibaki Tanzania, na mwishowe akawa Waziri wa Afya kuanzia 1975 mpaka 1980. Uwaziri ndio unaompa nafasi vitabuni, lakini kazi iliyomfanya awe mtu wa kupewa uwaziri ilifanyika mahali ambapo hakuna mpasuaji mwenzake aliyekuwa akimtazama. Mfano huu una kasoro, najua. Mgonjwa akipona amepona, na wimbo hauna kipimo cha homa. Ila unatosha kuonyesha kwamba mtu anaweza kuchagua mahali padogo kwa macho mawili, bila kusukumwa na kushindwa.

Na kuna upande wa pingamizi hilo ambao nauunga mkono. Wapo wanaojificha nyuma ya neno "asili". Wanachonga ovyo, wanapiga ngoma isiyokazwa vizuri, na ukiwauliza wanajibu kwamba wao ni wa utamaduni, hawana haja na mambo ya mjini. Hao hawatetewi na hoja hii, kwa sababu uwanja niliouelezea hauwatetei. Kikundi kinachokosea mapigo katika sherehe ya Mkomaindo, pale Masasi mjini, hakiitwi tena Mkomaindo. Adhabu hiyo haiji na barua, na haina rufaa. Atakayedai kwamba amebaki nyumbani kwa ajili ya maana ya kazi yake, nyumbani ndiko kutakakomwumbua au kumthibitisha, mapema kuliko mjini ambako mtu anaweza kuishi miaka kwa promosheni peke yake.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, na watetezi wa utamaduni hupenda kulipita pembeni: maana hailiwi. Mchongaji wa kijijini ni mkulima wa korosho anayechonga, na mtunzi wa nyimbo za unyago ni mama mwenye shamba la mihogo. Wengi wao hawajawahi kuishi kwa sanaa mwaka mzima. Maisha yao yanafuata mnada. Chama cha msingi kinapokea mzigo, korosho zinaingia ghalani kwa stakabadhi, chama kikuu cha ushirika, TANECU au MAMCU, kinatangaza bei iliyopatikana mnadani, halafu watu wanasubiri pesa. Pesa ikichelewa, kama ilivyowachelewa wengi katika msimu wa 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likasomba mzigo, sherehe nazo husogezwa. Kumwambia mtu wa hali hiyo kwamba ana wasikilizaji wenye ujuzi, basi aridhike, ni dhihaka. Harmonize amejenga maisha, na hakuna haja ya kumtafutia dosari kwa hilo. Mtu akiamua kupanda basi la Dar es Salaam kwa sababu ana watoto wa kulisha, amefanya uamuzi wa mtu mzima.

Lakini umaskini wa msanii wa nyumbani unasababishwa na nini hasa? Tumezoea kujibu kwamba hadhira yake ni ndogo na haina kitu. Nenda ukaangalie msimu ambao korosho imelipa. Sherehe moja ya kumtoa mtoto jandoni au unyagoni inaweza kukodi maturubai, viti, jenereta, muziki wenye spika za kufika kifuani, mpiga picha za video, MC kutoka Masasi mjini, sare za ukoo mzima na pilau ya mamia ya watu. Pesa ipo, na inatumika kwa jina la utamaduni. Inayofika kwa mpiga ngoma na kwa kungwi aliyekaa na mwali siku zote hizo ndiyo makombo, kwa sababu tumekubaliana kimyakimya kwamba kilichotoka mjini kina bei na kilichotoka nyumbani ni msaada wa jirani. Methali tunaijua, mcheza kwao hutunzwa, na tunaitamka tukimbandika msanii noti ya shilingi elfu moja kwenye paji la uso. Kwa hiyo ulinganisho na wenzao waliofanikiwa unawaumiza wasanii wa nyumbani mara mbili: mara ya kwanza moyoni mwao, na mara ya pili mikononi mwa wateja wao, wanaoamini ulinganisho huohuo na kulipa kwa kuufuata.

Sheria nayo inachangia kwa namna yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi zisitumiwe kibiashara bila kibali cha Baraza la Sanaa, na nia yake ni njema. Tatizo liko kwenye tabia yetu ya kuita "jadi" kila kinachofanyika kwa ngoma na kwa lugha ya kikabila. Wimbo uliotungwa mwaka juzi na mwanamke mmoja wa Nagaga, anayejulikana na kijiji chote kuwa ndiye mtunzi, ukirekodiwa na mtu wa mjini unaandikwa kuwa ni wimbo wa jadi wa Kimakua. Hapo unakuwa mali ya kabila, yaani hauna wa kumlipa. Ni hatima ileile ya kinyago cha Geneva, safari hii mtunzi akiwa hai na anapatikana kwa simu.

Lipo pia pingamizi la wale wanaosema kijiji kinambana msanii: kila mtu anamjua, kila mzee ana amri, na atakayejaribu jipya atapigwa marufuku. Kuna nyakati hivyo ndivyo ilivyo, hasa kwa wanawake vijana. Historia ya huku, hata hivyo, haionyeshi sanaa iliyoganda. Vinyago vya Kimakonde viliwachukua Wazungu, Wahindi na askari wenye kofia mara walipoonekana, vikawageuza wahusika wa kuchekesha na kutisha, muda mrefu kabla ya mnunuzi yeyote kuomba jambo jipya. Jando lenyewe lilifanyiwa ukarabati mkubwa. Kanisa la Anglikana huku Masasi, chini ya Vincent Lucas aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo mwaka 1926, lilijenga jando la Kikristo pamoja na walimu na mapadri Waafrika, na ubishi kuhusu kipi kibaki na kipi kitoke ulidumu miongo. Siku hizi ratiba nyingi za jando na unyago zimesogezwa kwenye likizo za shule, na yanayofundishwa yanabishaniwa waziwazi na walimu, wauguzi, masheikh na wazazi. Ubishi wa namna hii unaendelea kwa sababu kazi yenyewe bado inatumika. Kitu kisichotumika hakibishaniwi, huhifadhiwa.

Atakayesema kwamba yote haya yanakufa kwa simu na singeli, sitashindana naye sana. Baadhi yanakufa. Bibi anayekumbuka chale halisi akiondoka, kipimo kimoja cha kinyago kinaondoka naye, na hakuna tamasha litakalokirudisha, hata MaKuYa la Mtwara, ambalo limefanya kazi kubwa ya kukutanisha ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Ninachokataa ni faraja inayotolewa kwa kawaida hapa, kwamba subira huvuta heri, dunia itakuja kuwatambua siku moja. Yohanna Abdallah, padri Myao, aliandika historia ya Wayao kwa Kiyao kwa ajili ya Wayao wenzake, na kitabu kilichapishwa Zomba mwaka 1919. Wanahistoria wa vyuo vikuu wamekitumia tangu wakati huo. Ni rahisi kumgeuza Abdallah kuwa ushahidi kwamba kazi ya nyumbani hatimaye hulipa kwa sifa za mbali. Lakini kitabu kingekuwa na thamani gani kama hakuna profesa aliyewahi kukifungua? Ileile kiliyokuwa nayo kwa msomaji wa Kiyao aliyejua koo zinazotajwa na kuweza kusema ukurasa gani umekosewa. Anayeifanya kazi ya nyumbani kwa matumaini ya kugunduliwa na watu wa mbali bado yuko stendi, ila amekaa kwenye benchi la nyuma.

Yako mambo ambayo yanaweza kuanza msimu huu, bila kusubiri sera. Halmashauri za Masasi, Newala na Tandahimba zina maofisa utamaduni. Kila mmoja anaweza kuwa na daftari la watunzi na wachongaji wa eneo lake lenye majina, namba za simu na kazi zao, ili anayekuja na kamera aambiwe wimbo ni wa nani kabla hajauita wa jadi. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inakopesha bodaboda na mashine za kusaga, na hakuna sababu kikundi cha ngoma kilichosajiliwa kisiombe kwa masharti yaleyale. Vikundi navyo viache kuitika wito wa kupokea Mwenge wa Uhuru na wageni wa kitaifa kwa malipo ya soda. Na kamati za sherehe, ambazo ndizo zenye pesa taslimu, zitazame upya utaratibu wao wa malipo, maana kwa sasa MC analipwa kabla hajashika maikrofoni, mwenye spika analipwa nusu kabla hajapakia gari, na wapiga ngoma wanaambiwa wasubiri mpaka wageni waondoke, tuone kitakachobaki.